Naombeni ushauri: mtoto ana sindromu ya Down, nimpe kigari au tumfukie kwenye mchanga?

MamaJunia: Wakuu habari za humu. Mwanangu ana sindromu ya Down, ana mwaka na miezi 4. Hasimami, hata kukaa bado anayumba. Mama mkwe anataka tuchimbe shimo, afukiwe mchanga hadi kiunoni kila asubuhi miguu ikaze. Mimi nataka kigari cha kukalia chenye matairi. Kipi kinaleta matokeo haraka? Matusi hapana.

Mchokonozi: Haraka ya nini, anagombea udiwani?

MzeeWaKata: Ndiyo maana tunawaambia mabinti mzae mapema.

MazoeziTiba: Mzee, hatari hupanda na umri wa mama, ila wengi wa watoto hawa huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35, maana ndio wanaozaa zaidi.

Mleta mada, watoto hawa hutembea wakikaribia miaka 2, wengine 3 hadi 4. Misuli imelegea na kano zinavutika mno, kwa hiyo nyonga zinaachia na miguu inatanuka. Kigari kinazidisha: mtoto ananing'inia, anasukuma kwa ncha za vidole, nyonga na mgongo vimelala. Mchanga nao unamshikilia, yeye hafanyi kazi yoyote.

Tafuta kigoda chenye kimo cha kutoka kisigino chake hadi nyuma ya goti, nyayo zikanyage chini zote. Weka anachokipenda juu ya kochi mbele yake, mshike nyonga, si mikono, ainuke mwenyewe. Dakika 5 zinatosha, kisha rudia baadaye. Miguu ikitanuka, shona pamoja mapaja ya suruali yake ya kubana hadi karibu na goti. Usimrusherushe juu wala kumkunja shingo, kano za shingo nazo ni legevu.

Kabla ya yote hayo: moyo ulipimwa?

SautiNdogo: Na lugha mbona hamuigusi? Mfundishe ishara za mikono: maziwa, zaidi, basi. Hazimcheleweshi kusema. Masikio pia yapimwe, hujaa maji kwa ndani bila hata kuuma.

MazoeziTiba: Sawa, ila nasubiri jibu la moyo.

MamaJunia: Alipozaliwa walisikia mlio kwenye moyo, wakaandika rufaa ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo. Hatukwenda, mtoto alikuwa anacheka tu. Akinyonya anatoka jasho, lakini Dar hii nani hatoki jasho? Na kigari nimeshampa fundi seremala nusu ya hela, msinisimange.

NesiWaZamu: Jasho la kichwani akinyonya, kuachia ziwa kila mara ahemee, uzito kugoma kupanda: huo ni moyo kuelemewa. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na eko hutakiwa mwezi wa kwanza hata kama mlio hausikiki. Tundu kubwa la katikati ya moyo kwa kawaida huzibwa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6. Likiachwa, damu inafurika mapafuni, mishipa inakakamaa, mwisho hata upasuaji haufai tena. Nenda wiki hii. Midomo ikiwa ya bluu au akihema kwa shida, nenda sasa hivi. Hapo Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inatibu watoto. Omba na kipimo cha homoni ya thairoidi, hurudiwa kila mwaka. Tezi hiyo ya shingoni ikizembea, mtoto anakuwa mchovu na choo kinakuwa kigumu, nyumbani mnamwita mvivu.

MamaJunia: Lakini si mvivu, anasota kwa makalio hadi jikoni!

Mchokonozi: Hii chai, tena ya tangawizi. Juu umesema hata kukaa anayumba, sasa kafika jikoni?

MazoeziTiba: Yote yanawezekana. Akikaa anajishikiza kwa mikono, akiitoa anayumba. Mikono hiyohiyo ndiyo inayomvuta akisota. Wengi wenye misuli legevu husota badala ya kutambaa.

MamaJunia: Ndivyo anavyofanya. Ile rufaa ya mwaka jana bado inafaa?

NesiWaZamu: Omba mpya, na ubebe kadi ya kliniki waone uzito ulivyokwenda. Fundi mpe vipimo vya kigoda, ile nusu inatosha.