Mliokaa Polandi: chokoleti, pączki na vitamu vyao. Tupeane uzoefu

Mchaga_Kraków
Habari zenu wadau. Leo huku ni Tłusty Czwartek, tuseme Alhamisi Nono, ile Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Nimepita mtaani saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, barafu chini, na foleni ya duka la mikate imekunja kona. Wazee, wanafunzi, akina mama na mikoba yao, wote wanangoja pączki. Kwa ambaye hajafika huku: chukua andazi, liwe la duara na nono, lijaze jamu ya mawaridi, juu lipakwe sukari iliyoyeyushwa na vipande vya ganda la chungwa. Wanasema asiyekula hata moja leo, mwaka wake utakuwa na mkosi. Bosi wangu, mtu mkimya ambaye salamu yake ni kutikisa kichwa, ameingia ofisini amekumbatia maboksi matatu akamgawia kila mtu kwa mkono wake, mpaka dada wa usafi.

Nina miaka tisa hapa na jambo hili bado linanigusa. Watu hawa usoni wanaonekana wakavu, lakini wakitaka kukwambia asante, pole au karibu, wanakupa kitu kitamu. Sasa nataka kusikia kwenu. Nyinyi mlikutana nacho wapi?

binti_Tanga
Umenikumbusha mbali, kaka. Na ni za mawaridi ndizo zenyewe. Hizi za krimu ya chokoleti na pistachio ni mambo ya juzi.

Arusha_kwetu
Ngoja niseme yangu. Mwaka 2011, baada ya misa, bibi mmoja alinifuata nje ya kanisa akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania, Arusha. Akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili akasema neno moja: "Tengeru!" Mnajua ile kambi. Mwaka 1942 waliletwa pale wakimbizi wa Kipolandi waliotoka Siberia kupitia Uajemi, wengi wao wanawake na watoto, karibu watu 5,000. Makaburi yao yapo pale hadi leo na yanatunzwa. Yeye alikuwa mtoto wakati ule, amekulia kwenye vile vibanda vya duara, na alikumbuka kuhesabu kwa Kiswahili mpaka kumi.

Akafungua mkoba akaanza kunijaza mifuko ya koti kwa krówki. Ni peremende za maziwa, sukari na siagi, kila moja imefungwa kwenye kikaratasi chake, na jina lake maana yake ni "ng'ombe mdogo". Ukiuma, nje inavunjika kama mchanga, ndani inavutika. Nilirudi bwenini mifuko imetuna. Sijakutana naye tena, na hadi leo nikionja krówka namwona yule bibi akihesabu moja, mbili, tatu.

Mchaga_Kraków
Mkuu, hii umeificha miaka yote hiyo?

SautiYaMombasa
Jamani nami nitoe onyo kwa wageni wapya. Nilialikwa kwa rafiki yangu Gdańsk, mama yake akaleta sernik, keki ya jibini, bado ya moto. Akanikaribisha, nami kwa adabu za nyumbani nikajibu "dziękuję", yaani asante. Sahani ikapita! Ikaenda kwa mwingine. Nikakaa nikiangalia wenzangu wanakula. Kumbe huku ukikaribishwa chakula ukajibu asante peke yake, umekataa. Sema "poproszę", naomba. Hilo neno lijifunzeni hata kabla ya kusema jina lenu.

Juma_Łódź
😂😂 Yalinikuta hayo hayo. Ila mimi ni mtu wa wafer. Prince Polo na chai ya rangi asubuhi, nitakubali baridi yote. Ilianza kutengenezwa Cieszyn mwaka 1955, na nasikia huko Iceland wanaipenda kama ya kwao.

binti_Tanga
Grześki ni tamu kuliko Prince Polo.

Juma_Łódź
Dada, heshima yako, lakini hapo hapana.

Mpangaji_Lublin
Nilikuwa nasoma kimya kimya, ila mada imenifikia mahali. Hili sijawahi kumsimulia mtu.

Nilipokuja kusoma Lublin nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, ghorofa ya nne, kwenye yale majengo ya enzi za ukomunisti. Alinipokea kama mjukuu. Jikoni alikuwa na kabati la juu, ndani chokoleti tupu: za maziwa, nyeusi, za karanga, na zile plamu zilizovikwa chokoleti. Kila akienda dukani anarudi na moja, anaiweka. Mwenyewe hali. Akija mgeni, anashusha. Nikadhani ni mazoea ya uzee.

Januari moja alikwenda kwa dada yake siku tatu. Nikasema ngoja nimfanyie wema, nimsafishie jikoni kama ninavyomsafishia mama nikiwa nyumbani. Nikashusha kila kitu, nikafuta, nikapanga upya. Nyuma kabisa nikakuta boksi la bati lina kutu. Ndani mlikuwa na chokoleti moja iliyokauka na kufanya ukungu mweupe, karatasi yake imeandikwa 22 Lipca, na vikaratasi vilivyokatwakatwa pembeni kwa mkasi. Mimi niliona uchafu. Nikatia vyote kwenye mfuko wa taka nikashuka nao usiku ule ule.

Aliporudi alifurahi sana. Akasifu sinki, akasifu vioo. Halafu akavuta kigoda akafungua kabati. Akahamisha chokoleti moja moja mpaka nyuma. Akabaki amesimama pale juu, mkono umo kabatini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Lile bati liko wapi?"

Nilishuka zile ngazi bila koti. Nyuzi 14 chini ya sifuri. Pipa lilikuwa tupu, gari la taka lilikuwa limeshapita. Nikafungua mapipa ya jengo la pili, la tatu, nikachimba kwa mikono huku watu wananitazama kutoka madirishani. Hakuna. Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu kwa sababu niliogopa kupanda.

Nilipopanda alikuwa ameshachemsha chai. Akanikalisha akanieleza. Wakati ule nchi yao ilikuwa inaishi kwa kadi za mgao. Sukari ilianza mwaka 1976, baadaye nyama, siagi, karibu kila kitu. Chokoleti mgao wake ulikuwa wa watoto, na muuzaji anakata kipande cha kadi kwa mkasi. Mara nyingi dukani ulikuta wyrób czekoladopodobny, yaani "bidhaa inayofanana na chokoleti", mafuta na sukari na kakao kidogo, maana serikali haikuwa na fedha za kigeni za kununulia kakao. Chokoleti ya kweli ilitoka kiwanda cha Wedel cha Warsaw, ambacho baada ya vita kilitaifishwa kikapewa jina hilo la 22 Lipca. Mumewe alipanga foleni tangu alfajiri, majira ya baridi yale yale baada ya utawala wa kijeshi kutangazwa Desemba 1981, ampelekee mtoto wao wa kiume aliyekuwa amelazwa. Alifika nayo hospitali jioni. Haikufunguliwa.

Hakusema zaidi na mimi sikuuliza. Akasema, "Hukujua, mwanangu," akanikatia kipande cha keki. Nilikila chote kwa sababu yeye alikuwa ananiangalia.

binti_Tanga
Niko kazini na machozi yananitoka.

Mkweli_Daima
Pole sana. Lakini tuambiane ukweli, kabati la mtu haliguswi. Mgeni unafagia ulipoonyeshwa, basi.

MamaWawili
Wewe Mkweli, mtu amefungua kifua chake na wewe unamkaba. Alitaka kumsaidia mzee. Wangapi wanapanga kwa wazee na hata sahani yao hawaoshi?

Mkweli_Daima
Sijamkaba. Vitu vya mtu mzima hutupi bila kuuliza, hata kwetu ni hivyo. Jaribu kutupa kanga kuukuu ya bibi yako uone.

MamaWawili
Hilo la kanga nakubali. Ila lugha yako ipunguze.

Nesi_Poznań
Mimi nafanya kazi wodini na ninachoandika hapa ninakiona kila wiki. Mgonjwa akiruhusiwa, familia inarudi na bombonierka, boksi la chokoleti lenye utepe. Kabati letu halijawahi kuwa tupu. Ndiyo maana nawaomba sana: pimeni sukari. Tunakula kwa heshima mpaka mwili unachoka. Na huku kwetu tarehe 11 Novemba, Mtakatifu Martin, kuna rogal świętomarciński, mkate wa umbo la mwezi uliojazwa mbegu nyeupe za mpopi. Mmoja una gramu 150 hadi 250. Umoja wa Ulaya umelinda jina lake tangu 2008. Kateni nusu, nusu mpe jirani.

Juma_Łódź
Nesi, nusu haitoshi.

Mwanafunzi_Wrocław
Mmetaja mazuri tu. Mbona hamtaji ile keki ya chokoleti inayoitwa murzynek, yaani "mweusi mdogo"? Siku yangu ya kwanza kazini mwenzangu alileta, akaitaja kwa sauti mbele yangu, wote wakanigeukia. Niliweka uma chini.

Mkweli_Daima
Ni jina la zamani la keki tu. Bibi zao wameipika hivyo miaka yote.

Mwanafunzi_Wrocław
Kaka, aliyegeukiwa ni mimi. Na wenyewe wanabishana juu ya neno hilo, hata wataalamu wa Baraza la Lugha ya Kipolandi wameshashauri lisitumike kwa watu. Niliongea na yule mwenzangu faragha. Aliona haya kweli kweli. Siku hizi akileta anasema "ciasto czekoladowe", keki ya chokoleti, na ni tamu vile vile.

MamaWawili
Umefanya vizuri kumwambia. Wengi wetu tunameza.

Kyela_Mwenyewe
Mnazungumza chokoleti bila kututaja tunaolima? Nimekulia kwenye mikakao Kyela. Utotoni utamu tulioujua ni ule ute mweupe wa ndani ya tunda, unafyonza, mbegu unamrudishia baba. Yeye anazifunika kwa majani ya migomba zichachuke siku kadhaa, kisha zinaanikwa juani, kisha zinaondoka kwenye magunia. Zinakwenda kuwa nini, hatukuwahi kuonja.

Niliionja nikiwa na miaka 26, Warsaw, duka la zamani la Wedel mtaa wa Szpitalna. Karol Wedel alianza biashara yake mjini pale mwaka 1851, Ptasie Mleczko, vile vitamu laini kama povu vilivyovikwa chokoleti, walianza kuvitengeneza mwaka 1936. Wakaniletea kikombe cha chokoleti ya moto, nzito kama uji wa ulezi. Nikanusa kwanza, na ndani ya ile harufu nikapata jamvi la kwetu, kakao ikiwa siku ya pili juani. Nilimpigia baba palepale. Aliniuliza kikombe ni bei gani. Nilipomtajia alinyamaza, halafu akauliza, "Kwa kilo ngapi?"

Arusha_kwetu
Baba ameuliza swali ambalo linatakiwa kujibiwa na watu wengi.

binti_Tanga
Ulimpelekea?

Kyela_Mwenyewe
Nilimpelekea boksi la Ptasie Mleczko na kipande cha chokoleti nyeusi. Ile nyeusi ndiyo aliyoipenda. Amesema hiyo angalau inakumbuka ilikotoka.

SautiYaMombasa
Lublin, bado upo? Yule bibi yu hai?

Mpangaji_Lublin
Yu hai. Nilihama Warsaw kwa kazi, lakini kila mwaka siku kama ya leo nampelekea pączki. Mwaka huu sikupata ruhusa, nilikuwa nimeshakata tamaa. Baada ya kuandika hapa nimempigia. Kasema nije hata Jumamosi, nisilete chokoleti kwa kuwa kabati limejaa. Nilete pączki mbili za mawaridi, na nisipite kwa duka la chini kwa sababu jamu yao ni ya tufaha.

Mchaga_Kraków
Nenda na basi la asubuhi. Foleni za leo zitakuwa zimeisha.