Gumzo la familia: Vespa ya chini ya mwembe

JUMAMOSI

07:42 Nassor: Assalaam alaykum. Shikamooni wazee. [picha] Ile Vespa PX nimeitoa chini ya mwembe hapa Kikwajuni. Kiki inashuka nusu halafu inagota. Nataka kuagiza pistoni na ringi, na wa kupuliza rangi nimeshamuweka wiki ijayo. Kuna la kuongeza?

07:50 Ami Othman: Wa alaykum salaam. Marahaba. Huyo wa rangi muahirishe. Na mguu utoe kwenye kiki sasa hivi.

07:51 Nassor: Nilikuwa najaribu tu ami

07:53 Ami Othman: Gia ya kiki iko ndani ya injini. Ukivunja jino moja, umepasua injini nzima kwa ajili ya jino. Toa plagi, chukua sindano ya dukani, ingiza kwenye silinda kama mililita 40 za dizeli na oili, nusu kwa nusu. Iache ilale mpaka kesho. Kesho fungua kava ya feni, weka nyutro, shika magneti (lile gurudumu lenye feni) kwa mikono miwili uitikise mbele nyuma. Ikikubali milimita mbili, itakubali yote. Isipokubali, rudia kumimina. Nyundo marufuku.

07:58 Khamis: Na plagi uliyoitoa usiitupe. Ipige picha mdomo wake kabla hujaifuta.

08:04 Nassor: [picha]

08:06 Khamis: Nyeupe kama chaki. Basi pistoni haikujifia. Kuna mahali injini inavuta hewa ya wizi.

08:07 Nassor: Si petroli mbovu?

08:10 Khamis: Inawezekana pia, au jeti (kitundu cha petroli kwenye kabureta) imeziba. Lakini tafuta kwanza kilichoua. Ukivisha pistoni mpya juu ya ugonjwa ule ule, utanunua tena baada ya siku mbili.

08:31 Ami Seif (Maskati): Nassor soma namba ya chesisi. Ikianza VLX1T ni ya cc 150, na injini ianze VLX1M. Nitumie kabla sijaenda dukani huku. Vipuri vya LML, zile Vespa zilizoundwa India, vingi vinaingia, lakini krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) usiibahatishe: baadhi ya LML zinavuta kwa vali ya ulimi, hii yetu inavuta kwa krenki yenyewe kufungua na kufunga tundu. Krenki hizo mbili hazibadilishani.

08:40 Nassor: VLX1T. Alhamdulillah

JUMAPILI

10:15 Nassor: Imezunguka! [picha] [picha] Hedi, silinda na pistoni zimetoka. Nati nne, spana 11.

10:22 Khamis: Safi. Umelegeza kwa mkingamo? Robo robo?

10:22 Nassor: Ndiyo kaka

10:30 Khamis: Haya tuisome pistoni. Michubuko iko upande wa ekzosi peke yake, mistari ya wima, na ringi ya juu imeganda kwenye mfereji wake. Ingekuwa silinda imebana pistoni mpya, michubuko ingezunguka sehemu nne. Sasa tia kidole ndani ya tumbo la injini, chini ya konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki). Kuna utelezi wa oili au pakavu?

10:36 Nassor: Kuna oili. Kidole kimerudi cheusi

10:38 Khamis: Basi oili ilikuwemo. Kilichokosekana ni petroli, au hewa imezidi. Shika konrodi kwa juu, ivute na kuisukuma kwa urefu wake. Isicheze hata chembe. Kuchezea ubavuni kidogo ni sawa, hiyo ndiyo nafasi yake.

10:41 Nassor: Urefuni haichezi. Ubavuni kidogo

10:42 Khamis: Krenki umepona. Hiyo ndiyo habari njema ya leo.

10:55 Da Saada: Ukishatoa magneti nipigie picha nyaya za chini yake. Na uitoe kwa pula yake (kifaa cha kuivutia nje), si kwa bisibisi mbili. Zile PX waya zake zinakauka kwa joto mpaka zinapukutika kama mkate wa juzi.

13:20 Nassor: [picha]

13:24 Da Saada: Nimesema mimi. Shaba iko nje kabisa. Chora alama kwa msumari kati ya sahani ya koili na injini kabla hujalegeza skrubu tatu, au utapoteza taimingi. Halafu chukua mita. Nyekundu na nyeupe: 110 omu, ikipishana 5 ni sawa. Kijani na nyeupe: 500, ikipishana 20 ni sawa.

13:47 Nassor: 108 na 492

13:49 Da Saada: Koili nzima. Waya tu. Nunua waya unaostahimili joto, unganisha kwa risasi karibu na koili, vesha mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu usiitumie humo ndani, gundi inayeyuka.

13:52 Ami Othman: Nassor, hapo hapo ulipo angalia sili (mpira wa kuziba hewa) nyuma ya sahani. Bonyeza mdomo wake kwa kucha.

13:55 Nassor: Mgumu kama plastiki. Na una mpasuko hapa [picha]

13:57 Ami Othman: Muuaji huyo.

13:58 Khamis: Huyo huyo. Sili ya upande wa magneti ikichoka, injini inavuta hewa kavu. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, pistoni inatanuka mpaka inashika. Dalili yake ni kwamba ukiachia gesi, sailensa (mlio wa injini bila gesi) haishuki, injini inabaki inalia juu. Watu wanadhani ni kebo.

14:03 Nassor: Kwa hiyo nabadilisha hiyo tu? Inatoka kwa nje

14:09 Ami Othman: Hiyo ndiyo inayotoka kwa nje. Ya upande wa klachi iko upande wa ndani wa beringi, haitoki mpaka upasue injini. Na ina umri ule ule. Ikifa hiyo, injini inakunywa oili ya giaboksi: moshi mweupe mzito usioisha, na oili inapungua bila kuvuja chini. Shusha injini, ufanye kazi mara moja.

14:15 Ami Seif (Maskati): Basi orodha yangu: sili zote mbili, beringi zote mbili za krenki, gasketi seti nzima, na ule msalaba wa kuchagua gia. Pistoni nasubiri kipimo.

14:16 Nassor: Msalaba wa nini ami, gia hazina tatizo

14:18 Ami Seif (Maskati): Injini imeshafunguka, msalaba ni bei ya chipsi. Ukingo wake ukilika, gia ya pili inaanza kuruka ukiwa na abiria nyuma.

16:40 Bi Asha: Nani kachukua beseni langu la bluu na chupa zote za siki

16:41 Nassor: Bibi shikamoo 🙏 ni la tangi la petroli. Kutu

16:45 Bi Asha: Lita tano za siki? Na achari nitatia nini

16:52 Khamis: Bibi tutakurejeshea. Nassor, toa koki ya mafuta kwanza, siki inakula mpira wake. Ziba tundu, tia nati ndogo ndogo 30 hivi, tikisa, jaza siki, masaa 24. Mwaga, tikisa tena. Suuza kwa maji yenye vijiko viwili vya magadi kuua ukali, halafu kausha siku hiyo hiyo na uzungushe ndani petroli yenye oili. Ukiliacha na maji usiku mmoja, kutu inarudi. Na nati zihesabu zinapoingia na zinapotoka.

JUMATANO

18:05 Nassor: Injini iko chini. Boliti ndefu ya mbele ilikataa, nimeilowesha siku mbili

18:20 Ami Othman: Vizuri. Kupasua: ondoa klachi na nati zote za kuzunguka, kisha gonga kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao. Usiingize bisibisi katikati ya nusu mbili. Mkwaruzo mmoja pale unakuwa mlango wa hewa, utakuwa umejitengenezea muuaji mwingine. Na ndani utaona uso laini ambapo krenki inapita karibu kabisa na tundu la kabureta. Huo usiuguse kwa msasa. Krenki na uso huo ndio vali yako. Mchanga ukiingia kwa filta mbovu unakwaruza hapo, na hapo hapajazwi kwa pati.

19:02 Nassor: [picha] Uko laini, mistari miwili mitatu haishiki kucha

19:03 Ami Othman: Unafaa.

19:30 Khamis: Silinda nimeipima. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 57.8. Hii imeshakerezwa mara moja, iko 58.0 na imelika. Tunakwenda 58.2. Baada ya hapo imebaki moja tu, 58.4. Ami Seif leta pistoni ya 58.2, silinda itakerezwa kwa kuifuata pistoni yenyewe mkononi, siyo namba ya kwenye boksi.

19:34 Khamis: Na Nassor, ikirudi kutoka kwa mkerezaji pitisha kidole kwenye madirisha ya silinda (matundu ya kupitishia hewa na moshi). Ukingo utakuwa kama wembe. Lazima ulainishwe kwa jiwe dogo kila dirisha, juu na chini, hasa la ekzosi. Ringi inapopita hapo inatanuka kidogo, ikikuta wembe inanasa na kuvunjika. Wakerezaji wa injini za gari wanalisahau jambo hili kila siku, kwa sababu silinda za gari hazina madirisha.

JUMAMOSI

09:10 Nassor: Vitu vimefika, asante ami Seif. Naanza kufunga. Ringi ninazipima vipi?

09:18 Khamis: Tia ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa. Pima pengo kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi): milimita 0.20 hadi 0.35. Chini ya hapo, piga tupa taratibu. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi. Midomo ya ringi ikae kwenye vile vipini vidogo ndani ya mfereji, ikikaa pembeni unavunja. Klipu za pini mpya, na tambara kwenye mdomo wa injini unapozitia. Zinaruka hizo.

09:20 Khamis: Nati za hedi usivuke Nm 18. Magneti 60 hadi 65.

11:02 Ami Othman: Kabureta: jeti kubwa ni 100, isafishe kwa pumzi na petroli, si kwa waya. Boliti zake mbili zibane kiasi. Ukikaza kwa hasira, mwili wa kabureta unapinda na gesi inakwama ikiwa wazi.

11:30 Nassor: Plagi nimepewa B7ES, ya pikipiki ya Yamaha DT. Inaingia

11:31 Khamis: TOA

11:32 Khamis: Hiyo ina nyuzi za urefu wa milimita 19. Yako ni B7HS, 12.7. Itakutana na pistoni. Pengo lake milimita 0.6.

11:33 Nassor: 😳

15:40 Ami Hemedi: Mimi ningemtilia oili 2T (ile ya kuchanganya na petroli) asilimia 4 au 5, injini mpya inataka mafuta

15:47 Khamis: Ami kwa heshima, hapana. Jeti inapitisha kiasi kile kile. Oili ikizidi, petroli inapungua, mchanganyiko unakuwa mwepesi, tunarudi kwa joto. Kiwanda kinasema asilimia 2: mililita 20 kwa lita, 100 kwa lita 5. Ukiogopa sana tia 3 kwa kilomita 500 za mwanzo, usivuke. Changanya kwenye galoni, tikisa, ndiyo umimine.

15:49 Khamis: Giaboksi ni SAE 30 ya kawaida, mililita 250. Si 2T.

15:55 Ami Othman: Na katika hizo 500 usishike gesi mwisho, wala usiteremke mlima mrefu umefunga gesi. Gesi ikifungwa, oili nayo imefungwa.

15:56 Da Saada: Ami, Unguja milima iko wapi 😂

17:21 Nassor: [video] KIKI YA NNE

17:23 Ami Seif (Maskati): Mashaallah

17:25 Nassor: Moshi mwingi lakini

17:28 Khamis: Ni oili ya kufungia na uchafu wa ekzosi ya zamani. Mpe dakika 10. Achia gesi: sailensa inashuka?

17:30 Nassor: Inashuka palepale. Sasa nimpigie wa rangi?

17:36 Ami Othman: Chukua bisibisi kwanza. Ilaze pikipiki ubavu, angalia sakafu kwa chini, pale chuma cha kukatiza kinapogusana nayo na kwenye kona ya ngao ya miguu. Chumvi ya pwani inakaa hapo. Vespa haina fremu nyingine, hilo bati ndilo fremu. Gonga kwa ncha, sikiliza. Bati zima linalia, bovu linakohoa.

17:44 Nassor: [picha]

17:45 Da Saada: Mbona sioni bisibisi

17:45 Nassor: Imeingia yote

17:46 Nassor: Mpaka mpini

17:48 Ami Othman: Mpigie wa kuchomelea. Mwenye mashine ya waya, wa mtungi wa gesi atakupinda bati.