Tupeane uzoefu: kuwavutia ndege wavumaji uani kwa maji ya sukari

Mwanzisha mada, Columbus, Ohio

Wanajamvi, salaam. Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tulipomwona mvumaji (hummingbird) kwa mara ya kwanza huku Marekani tulidhani ni ndugu wa chozi, yule ndege wa rangi za kumetameta anayefyonza maua ya mgomba kule nyumbani. Hawana nasaba ya karibu, kwa kuwa wavumaji wanapatikana katika mabara ya Amerika peke yake. Isitoshe, chozi kwa kawaida hutua ndipo afyonze, ilhali mvumaji hula akiwa angani, mabawa yake yakipiga mara 50 hivi kwa sekunde, na kazi hiyo ndiyo inayomlazimu kutafuta sukari tangu alfajiri hadi magharibi.

Naomba kila mwenye uzoefu aeleze anaishi wapi, ametundika nini na ndege wamekuja kwa sababu gani. Tafadhali msininakilie maelezo ya kwenye boksi la dukani, hayo tumeshayasoma.

Naanza mimi. Huku mashariki ya Marekani aina inayozaliana ni moja tu, mvumaji mwenye koo jekundu, ambaye ana uzito wa gramu 3 hivi. Mimi hutundika chombo cha maji ya sukari katikati ya Aprili, kabla hajaonekana hata mmoja, kwa sababu madume hutangulia kuja kujitafutia maeneo, na ndege hawa wana kumbukumbu nzuri ya mahali walipopata chakula. Kipimo changu ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, nikikoroga mpaka iyeyuke yote. Sitii rangi, kwa kuwa wekundu wa chombo chenyewe unatosha kumwita ndege. Asali siitumii kwa sababu huotesha kuvu upesi, wala sukari ya kahawia, ambayo ina madini ya chuma kuliko mwili wao unavyohitaji.

Mchangiaji, Houston, Texas

Ndugu mwanzisha mada, ahsante kwa kulileta hili. Huku karibu na pwani kuwapata ndege si shida; shida ni joto. Maji ya sukari yaliyotundikwa penye nyuzi 35 huanza kuchacha mapema sana, na ukiona yamekuwa meupe ya maziwa ujue yalikwisha kuharibika kabla hujayatazama. Kwa hiyo wakati wa kiangazi nayabadilisha kila baada ya siku mbili, na joto likipamba moto nayabadilisha kila siku, hata kama chombo bado kimejaa. Nakiosha kwa maji ya moto na brashi ya chupa. Weusi ukianza kuonekana kwenye vitundu, nakiloweka katika maji yenye siki kisha nakisuuza sana. Ndiyo maana ninamshauri kila anayeanza anunue chombo kidogo cha bapa kinachofunguka chote, aachane na yale machupa makubwa yenye shingo nyembamba ambayo yanapendeza rafuni lakini hayasuguliki ndani. Chombo cha bapa kina faida nyingine pia: maji yako chini ya vitundu, kwa hiyo ulimi mrefu wa mvumaji huyafikia ilhali nyuki na nyigu hawayafikii. Sisimizi nao nawazuia kwa kikombe cha maji matupu kinachotundikwa juu ya chombo, kwani hushindwa kuyavuka.

Msimu wetu mkubwa ni kuanzia mwishoni mwa Agosti na Septemba yote, ndege wa mashariki wanapoteremka kuelekea Mexico na Amerika ya Kati. Wengine hufuata ufuo wa Texas, na wengine huvuka Ghuba ya Mexico kwa mruko mmoja wa zaidi ya kilomita 800, baharini kusiko na tawi la kutua. Kabla ya safari hiyo hujinenepesha hata uzito ukakaribia kuwa maradufu. Mji wa Rockport una sherehe yao kila Septemba, na wenyeji huwafungulia wageni nyua zao wakaangalie. Mwenye gari na siku ya mapumziko aende, atajifunza mengi kwa kutazama tu jinsi vyombo vilivyopangwa.

Kuhusu ugomvi: dume mmoja anaweza kukaa tawini kutwa nzima akilinda chombo asichoweza kukimaliza, akimfukuza kila ajaye. Dawa yangu ni kutundika cha pili upande mwingine wa nyumba, mahali ambapo akiwa kwenye cha kwanza hakioni.

Mchangiaji, Tucson, Arizona

Kaka wa Houston, hapo kwenye ugomvi nakupinga kwa heshima. Mimi navipanga vyombo vingi karibu karibu, na ndege wakishakuwa wengi yule mbabe huchoka kufukuza, kwa kuwa akimkimbiza mmoja, wanne wameshaingia. Labda tofauti ni kwamba kusini mwa Arizona tuna aina nyingi kuliko nyinyi. Kwenye mji mdogo wa Patagonia upo ua wa familia ya Paton, waliokuwa wakiwakaribisha wapenda ndege nyumbani kwao kwa miaka mingi, ambao sasa unatunzwa na chama cha wapenda ndege cha Tucson Bird Alliance (zamani Tucson Audubon), na vyombo vimetundikwa kwa wingi mbele ya viti vya wageni.

Jambo ambalo majirani wapya huniuliza ni kwa nini chombo kinalala kimejaa na kuamka kitupu. Si wizi. Mwishoni mwa kiangazi wanapita popo wanaokula nekta, nao hunywa usiku yale ambayo wavumaji wameacha. Mimi nawaachia, asiyetaka akiingize chombo ndani jua likizama na kukirudisha alfajiri.

Mchangiaji, Seattle, Washington

Kwetu yupo mvumaji wa Anna, ambaye hahami wakati wa baridi. Zamani makao yake yalikuwa California, akasambaa kaskazini katika karne ya 20 kwa kufuata bustani za watu na vyombo vya kulishia. Mwenye kuanza kumlisha Novemba anapaswa kuendelea hata barafu ikitanda, kwa sababu maua ni machache na ndege amekwishapanga siku yake akitegemea hapo. Maji haya huganda baridi ikizidi kidogo chini ya sifuri, kwa hiyo nina vyombo viwili: kimoja nje, kingine kiko tayari jikoni, nabadilishana asubuhi. Usiku ndege mwenyewe huushusha mwili wake ukapoa na moyo ukapiga polepole ili asimalize akiba. Akizinduka ana njaa kali, naye huja kabla hapajapambazuka vizuri. Msiongeze sukari zaidi kwa sababu ya baridi bila kufikiri. Kile kipimo cha moja kwa nne kinafaa.

Mchangiaji, Arusha

Naomba nami nichangie, ingawa wavumaji sinao. Chozi wanajaa kwangu bila chombo chochote: nimepanda mishubiri na migomba, basi. Je, huko maua hayatoshi?

Mchangiaji, Minneapolis, Minnesota

Mwanangu wa Arusha, umeuliza swali ambalo wenzako wamelipita. Maua yanatosha pale yanapokuwapo. Mimi nimepanda mnanaa wa porini wenye maua mekundu, ule wanaouita Monarda, na lobelia nyekundu inayochanua baadaye, ili moja ikimalizika nyingine ipokee. Chombo ni cha kuziba mapengo. Tena ndege hawaishi kwa sukari peke yake. Wanakula buibui na wadudu wadogo, na makinda hulishwa hao hasa, kwa hiyo anayepulizia dawa ya wadudu uani halafu akatundika maji ya sukari anajipinga mwenyewe. Tando za buibui zilizo kwenye mapaa na uzio msizifagie zote, maana jike hufungia kiota chake kwa nyuzi hizo.

Kuhusu mahali pa kutundika, kitu kinachoua ni kioo cha dirisha. Kiwekeni chombo karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ambapo ndege hapati kasi ya kujiumiza, au kiwe mbali kabisa, mita 10 au zaidi. Katikati ya hapo ndipo penye hatari.

Nimesikia pia hofu kwamba chombo kikiachwa nje ndege hatahama. Kinachomwondoa ni kufupika kwa mchana, si kuisha kwa sukari. Huku kwetu wanafika Mei na wengi wameondoka Septemba ikiisha, lakini mimi nakiacha hadi yapite majuma mawili bila kuona ndege, kwa sababu wale waliotoka Kanada hupita wakiwa wamechelewa, nao hawajui ua mwingine mtaani.