Jengo la bunge la Nebraska: je, sanamu zilibandikwa baadaye?

Mwanafunzi wa usanifu majengo, Lubumbashi:
Wapendwa, ninaandaa kazi yangu ya mwisho kuhusu majengo ya mabunge ya majimbo. Jengo letu la 30 Juni, linalotumiwa na bunge la jimbo, lilichorwa miaka ya 1950 liwe ukumbi wa maigizo, hivyo msanifu wake hakuwafikiria wabunge. Ninalilinganisha na lile la Nebraska, mjini Lincoln, Marekani. Kwa nini lina mnara mrefu ilhali majimbo mengi yaliiga kuba la jengo la bunge la Washington, na sanamu zake zilibandikwa lini?

Mjenzi mstaafu, Kamalondo:
Mwanangu, neno "zilibandikwa" ndilo linalokupotosha. Bertram Goodhue, aliyeshinda shindano la wasanifu mwaka 1920, alitaka sanamu izaliwe na jiwe la ukuta wenyewe. Tazama picha za lango la kaskazini, utaona ukuta ukipanda wima, kisha karibu na kilele ukigeuka mabega na kichwa cha mtu. Mchongaji alikuwa Lee Lawrie. Mnara, wenye mita 122 hivi, unaonekana kutoka mbali kwa sababu nchi ile ni tambarare, na juu yake inasimama sanamu ya shaba ya Mpanzi akitawanya mbegu kwa mkono. Ujenzi ulianza mwaka 1922 ukaisha 1932. Goodhue alifariki 1924, lakini wazo lake halikuvurugwa, jambo ambalo sisi mafundi tunajua ni nadra.

Mwalimu wa uchoraji, Katuba:
Naongezea jambo ambalo Baba hakuligusa. Mwanafalsafa Hartley Burr Alexander ndiye aliyepanga mada za michoro na maandishi ya kuta, yakiwemo yale ya juu ya mlango mkuu yasemayo kwamba wokovu wa jimbo ni kukesha kwa raia. Msanii Hildreth Meière akatengeneza mozaiki, yaani picha za vipande vidogo vilivyopangwa pamoja, na katika sakafu ya ukumbi wa kati akaiweka Dunia mpaji wa uhai, akiizungushia udongo, maji, moto na hewa. Hapa kwetu, karakana ya uchoraji ya Romain-Desfossés ilifunguliwa mwaka 1946, na humo mchoraji Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki. Kwa hiyo wasanii hawakukosekana. Chunguza kama kuna aliyeketi nao kabla msingi wa Jengo la 30 Juni haujachimbwa.

Mwanafunzi wa usanifu majengo:
Nashukuru sana, Baba na Mwalimu. Sura ya pili nitaiandika upya kuanzia swali hilo.