Mawe ya mpaka wa Pennsylvania na Maryland, bado yapo?

Mtoa mada: Wakuu heshima kwenu. Huku Kimara ugomvi wa bikoni za viwanja hauishi, mtu anang'oa usiku asubuhi mpaka umeshasogea. Sasa nasikia Marekani kuna mawe ya mpaka ya tangu enzi za mkoloni, ni kweli?

Jibu: Kweli kabisa mkuu. Wapima ardhi wa Kiingereza, Charles Mason na Jeremiah Dixon, walipima mpaka huo kuanzia 1763 hadi 1767 kumaliza ugomvi wa familia za Penn (wenye koloni la Pennsylvania) na Calvert (wenye Maryland), mawe ya chokaa yakaletwa na meli toka Uingereza, kila maili jiwe moja, upande huu M upande ule P, na kila maili ya tano linachongwa nembo za familia zote mbili. Kazi ya maana sana ile.

Jibu: Ila milimani magharibi hayakufika, mazito mno, wakarundika udongo tu. 1767 wakakomea kijito cha Dunkard Creek, wenyeji waliowasindikiza waligoma kuendelea.

Mtoa mada: Shukrani. Na hayaibiwi?

Jibu: Mengine yameng'olewa, mengi yapo japo herufi zimelika na mvua, na baadhi yamezungushiwa nondo. Za kwetu nazo zilindwe hivyo jamani.