Mkia wa bakteria: ulisanifiwa au ulitokana na mageuzi?

Mwalimu_Mbale: Wanafunzi wa kidato cha tano wameniletea hoja ya Michael Behe, mwanabiokemia Mmarekani anayepinga kwamba mageuzi pekee yanatosha: mkia ambao bakteria huuzungusha ili kuogelea ni mota, ukiondoa protini moja hauzunguki, kwa hiyo lazima ulisanifiwa. Niwajibu kwa ushahidi gani?

Maabara_Gulu: Mwalimu, tenganisha madai mawili. Kwamba ukitoa sehemu muhimu mota husimama, ni kweli. Kwamba sehemu zilizobaki hazina kazi, si kweli. Kitako cha mkia kina pampu ya kutoa protini nje ya seli, na protini zake ni ndugu za zile za sindano ndogo sana ya protini ambayo *Yersinia pestis*, bakteria wa tauni, hudungia sumu kwenye seli zetu. Sindano haizunguki, lakini inaua. Ila usiseme sindano ndiyo mzazi wa mkia! Ulinganisho wa jeni unaelekeza kinyume: huenda sindano ndiyo iliyotokana na mkia. Linalothibitika ni kwamba sehemu hubadilishiwa kazi.

Kimelea_Lira: Ongeza jaribio la 2015 la *Pseudomonas fluorescens*. Watafiti waliondoa fleQ, swichi kuu ya jeni za mkia, wakawaacha bakteria na njaa. Ndani ya saa 96 walikuwa wanaogelea tena, kwa hatua mbili: badiliko la kwanza liliipa nguvu NtrC, swichi ya naitrojeni; la pili likaielekeza kwenye mkia. Wafafanulie kwamba jeni za mkia zilikuwepo tayari, kilichozuka ni swichi.

Maabara_Gulu: Na mfano wa mageuzi wa kwetu kaskazini mwa Uganda: vimelea vya malaria vyenye badiliko C469Y au A675V kwenye jeni ya kelch13 huchelewa kuondolewa na artemisinini, dawa ya malaria. Herufi moja ya DNA imetosha.