Ushauri: mashine ya kukata nyasi ya kukalia au trekta dogo? Eka mbili, Kigamboni

Mkaa_Kibada: Wakuu, habari za jioni. Nina eka mbili Kibada, sehemu kubwa ni ukoka chini ya minazi, pembeni kuna mihogo. Masika haya vijana wa mashine za begani wamenimaliza: wakifika mwisho, kule walikoanzia kumeshaota tena. Nachagua kati ya mashine ya kukalia ya petroli na trekta dogo la dizeli, yuzd ya Japani. Mfuko unaruhusu moja tu. Na tafadhali, msiniambie ninunue mbuzi.

Fundi_Gerezani: Mkuu, hiyo minazi ndiyo kesi yenyewe. Bladi ya mashine ya kukalia ikigonga kifuu au kisiki, shafti inapinda. Ukisikia inatetemeka, imeshakula kwako. Trekta lenye slasha, kile kifyekeo cha kufunga nyuma, linavumilia, na kwenye mihogo unafunga rotaveta ya kutifua udongo.

Mbuzi_wa_Goba: Nimekuja kusalimia tu.

Mama_Bunju: Fundi, hapo sikubali. Trekta ni zito, masika linachimba mitaro kwenye ukoka. Mimi ninayo ya kukalia, mtoto anatangulia kuokota vifuu, basi. Ila matunzo usiyachezee: oili badili kila saa 50 za kazi, ikiwa mpya ile ya kwanza imwagwe mapema, saa tano hadi nane. Ea klina, chujio la hewa, ikague kila mara, mchanga wa huko unaujua. Petroli isilale kwenye tenki zaidi ya mwezi, inaziba kabureta. Na kabla hujagusa bladi, chomoa waya wa plagi!

Fundi_Gerezani: Bladi ukishainoa, itundike kwenye msumari kwa tundu la katikati. Upande ukilalia chini, ndio mzito, punguza huohuo.

Kaka_Mbweni: Kubota, Yanmar, Iseki za soko la Japani zina vibandiko vya Kijapani, na baadhi ya spea hazilingani na zile za kuuzwa nje. Piga picha namba ya modeli na ya injini, kaulizie filta na mikanda Kariakoo kabla hujatoa hata shilingi. Halafu gusa injini: ukiikuta ya moto, muuzaji ameiamsha kabla yako, rudi kesho. Iwake ikiwa baridi. Moshi wa bluu usioisha, inakula oili.

Mkaa_Kibada: Shukrani wote. Mama Bunju, pole, naelekea kwa trekta, watoto wangu hawaokoti kitu. Jumamosi naenda kuliona, sitapiga simu kabla.